Kitanda Kitakaa Wapi

Siku tuliyomzika, wasifu wake ulisomwa na kijana wa kanisani ambaye sidhani kama aliwahi hata kuingia kwake. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akastaafu, akaugua. Watu wakatikisa vichwa kana kwamba sasa wamemjua. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, Doto kalala mgongoni, Kulwa kashika gauni langu, na kwa hasira nikashindwa kuimba. Hakuna aliyetaja madirisha. Mtu kaishi mtaani miaka yote hiyo, kaingia kwenye kila msingi uliochimbwa upande wetu wa Somanda, kagombana na kila fundi, halafu anaagwa bila dirisha hata moja kutajwa.

Basi nitayataja mimi.

Tulimwita Mhudumu kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya mpaka akastaafu: mhudumu wa wodi ya wazazi. Si nesi, na ukimwita nesi alikukatiza hapo hapo. Manesi walikuwa na sindano zao. Yeye alikuwa wa deki, wa beseni, wa kufua mashuka, na wa kushika kitenge. Hilo la kushika kitenge nitalifikia.

Alikuwa mfupi, mkavu, na sauti kubwa kuliko mwili. Mkononi mwavuli mweusi, masika na kiangazi, na sijawahi kuuona umefunguliwa. Ulikuwa wa kuonyeshea. Akikuonyesha kitu kwa ule mwavuli, ulikiangalia hata kama hutaki.

Kwetu watu wanajenga kidogo kidogo. Pamba ikilipa ukuta unapanda, isipolipa ukuta unaota majani. Na kila mtu ana mpangilio wake kichwani: msingi, ukuta, lenta, kenchi, bati, lipu, sakafu, milango, na huko mwisho kabisa, mfuko umekauka na akili imechoka, ndipo pazia. Mhudumu aliupindua mpangilio huo. Ukianza tu kuchimba, kabla hata mawe hayajashushwa, ungemwona anakuja na mwavuli wake, anatembea kama mtu aliyeitwa. Hakuna aliyemwita.

Ramani hakuwa na haja nayo. Anaruka kamba za fundi, anaingia katikati ya kile kitakachokuwa chumba, anauliza, "Hapa ndipo mtalala?" Ukisema ndiyo, anauliza, "Kitanda kitakaa wapi?"

Watu walicheka. Nani anajua kitanda kitakaa wapi na ukuta wenyewe bado uko kwenye tanuru? Yeye hakucheka. Anatandika khanga yake kwenye udongo, analala chali, mikono kifuani, mwavuli pembeni. Kisha anamwamuru mwenye kiwanja atoke akasimame kule watu wanakopita.

"Unaniona?"

"Nakuona, mayu," anajibu, yaani mama kwa lugha ya kwetu.

"Unaona nini?"

"Miguu. Na kiuno."

"Basi na mkeo ataonekana hivyo hivyo. Dirisha lihame."

Nimeshuhudia dirisha likihama kwa sababu ya bibi aliyelala kwenye udongo. Mafundi walimkimbia kwa heshima. Mmoja alikuwa akimwona kwa mbali anawaambia vibarua waweke zana chini, wanywe uji kwanza, maana leo hakuna tofali litakalopanda mpaka Mhudumu alale.

Maneno yake yalikuwa machache na aliyarudia bila aibu. Pazia halishikwi na bomba, linashikwa na ukuta, na ukuta ukishapigwa lipu hausikii tena. Jua la saa kumi halina adabu, kwa hiyo usimlaze mtoto upande wa magharibi halafu ukashangaa analia. Dirisha lifungukie nje, ndani ni pa pazia. Chumba cha wasichana kisitazame bomba la maji, maana foleni ya maji ina macho mengi. Na kubwa kuliko yote, ubao. Alitaka juu ya kila dirisha, pande zote mbili, kifukiwe kipande cha ubao mgumu ukutani kabla ya lipu, halafu lipu ije ikifunike. Siku ya kupigilia bomba la pazia, msumari unaingia kwenye mti, hauingii kwenye mchanga.

Jirani yetu mmoja, mwenye duka la mbegu na dawa za pamba, alimfukuza kwenye msingi wake. Alisema hahitaji mtu wa kumlalia kiwanja kama maiti. Akajenga nyumba nzuri, nisiseme uongo. Madirisha ya alumini, dari ya jipsamu yenye taa za kujificha. Hiyo dari ikashushwa, ikashushwa, hadi ikakaa sawasawa na kichwa cha dirisha. Wanahamia, mkewe kaleta mapazia kutoka Mwanza, bomba halina pa kukaa. Wakalipigilia kwenye ukingo wa dirisha, kwenye lipu tupu. Siku ya kipaimara ya binti yao, wageni wamejaa sebuleni, mtu mmoja akavuta pazia kidogo apate upepo. Bomba, pazia na bonge la lipu vikashuka pamoja kwenye pilau ya katekista.

Mhudumu alikuwepo. Hakucheka. Aliinuka, akaokota pazia, akalikung'uta dirishani, akalikunja kwa mikunjo ya wodini ile ya pembe kwa pembe, akamkabidhi mama mwenye nyumba na kumwambia kitambaa ni kizuri sana. Alicheka alipofika kwangu. Alicheka mpaka akashika ukuta, akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akaanza upya.

Sasa mimi. Tulihamia kwetu ikiwa bado pagala, kama wengi. Bati lipo, mlango upo, madirisha ni matundu yaliyoning'inizwa salfeti, ile mifuko ya mbegu. Mume wangu, Baba Kulwa, ni fundi pikipiki, mtu mpole, mchapakazi, na kwenye jambo la pazia alikuwa mbishi kama punda. Pazia ni urembo, alisema. Tumalize nyumba kwanza. Nilikuwa nimejifungua mapacha. Nilikuwa na watoto wawili, matiti mawili na madirisha matatu, na kila kimoja kinataka kufunikwa au kufunuliwa kwa wakati wake. Nikifunga salfeti, ndani giza na joto la tanuru. Nikifungua, vijana wa bodaboda wa pale kona wananitazama ninavyonyonyesha kama wanatazama mpira. Kukija upepo wa kiangazi na lile vumbi letu, salfeti zinapiga kelele watoto wanashtuka wote wawili. Nililia kwa hasira. Nasema kwa hasira kwa sababu watu walidhani ni huzuni ya uzazi, wakaniletea uji wa pilipili manga.

Mhudumu hakuniletea uji. Alikuja na khanga zake tatu na kamba ya katani, akafunga dirisha moja moja bila kuniambia pole. Kisha akatoka nje, akamkalisha Baba Kulwa juu ya tofali. Nilisikia yote kupitia khanga. Alimuuliza kama huwa anaogea gereji, mbele ya wateja. Baba Kulwa akasema hapana. Akamuuliza kwa nini, wakati ana mwili mzuri. Baba Kulwa akacheka kidogo. Mhudumu akasema, kwa sauti ile ile ya kuulizia bei ya dengu, kwamba kama pazia ni urembo basi na yeye aanze kuogea kule gereji, bafu lilikuwa la kupendezesha ua tu.

Kabla ya lipu, ubao ulifukiwa juu ya madirisha yote ya kwetu. Mume wangu aliukata mwenyewe. Mpaka leo bomba za pazia zangu hata Kulwa akining'inia hazitikisiki, na anajaribu kila siku.

Naomba nisiandike kana kwamba alikuwa malaika. Alikuwa na ubishi wa kukera. Alikosea pia, na gharama ya kukosea kwake ilibaki ukutani kwangu. Alinishurutisha niweke pazia jikoni, juu ya pale ninapowekea jiko la mkaa, eti mboga isionwe na wapita njia. Upepo ukalipeperusha, likashika moto, Baba Kulwa akaling'oa kwa mikono na kulikanyaga uani. Mhudumu akaja, akaangalia ukuta ulioungua, akauzungusha mwavuli chini mara kadhaa. Akasema, "Hapo nimekosea." Akakaa, akala michembe, vile viazi vikavu, na karanga mpaka bakuli likaisha. Kesho yake nikamsikia anamwambia mtu kwamba kosa lilikuwa la upepo.

Tena huyu mama aliyetaka nyumba zote zifunikwe alikuwa mchunguliaji namba moja. Akipita dirishani kwako lazima aangalie. Alijua nani kabadilisha sufuria, nani kaacha vyombo, mume wa nani kalala kwenye kochi. Ukimwambia, mayu, mbona unachungulia, anakujibu kwamba kama ameona, basi pazia lako ni fupi. Alikuwa anakagua.

Nifike kwenye kitenge. Nilijifungua mwaka wake wa mwisho kazini. Wodi ilikuwa imejaa, tumelala wawili wawili, vitanda vimesogeleana hadi ukinyoosha mkono unamshika wa pembeni. Vile vipazia vya kukunja vilikuwa viwili na kimoja kilikuwa kimevunjika mguu. Mwanamke akifika mahali pa kuachia kila kitu, pale ambapo hata jina lako huna, Mhudumu alikuja na kitenge. Alikishika kwa mikono yote miwili, juu, nyuma ya mabega yake, kati ya mwanamke huyo na wengine wote, amempa mgongo. Hakugeuka. Alisimama akiongea na sisi wa upande wa pili, anatutania, anauliza kwetu mvua imeanza, nani kapanda, nani anangoja. Mikono ikianza kumtetemeka anasema, jamani hiki kitenge leo kimekunywa maji. Zamu yangu ilipofika, na Kulwa kaja lakini Doto kageuka, kitenge kilisimama hapo muda mrefu sana. Nilikuwa naziona nyayo zake tu chini ya pindo, kandambili za bluu, kisigino kimepasuka. Nilizikazia macho zile nyayo. Hazikusogea.

Kwa hiyo mtu asinieleze kwamba pazia ni kitambaa.

Lakini kuna jambo ambalo mtaa mzima ulilijua na hakuna aliyelielewa. Nyumba yake mwenyewe, aliyoijenga kwa mshahara wa deki, ilikuwa na pazia kila mahali isipokuwa sebuleni, dirisha la mbele. Lilikuwa dirisha kubwa, lipo chini chini, linatazamana uso kwa uso na njia. Tupu. Kioo, nondo, basi. Nyuma yake kiti chake, na kwenye kiti yeye, anachambua choroko, au anasinzia kinywa wazi. Kila aliyepita alimwona. Watoto wa shule walimpungia. Alikula pale, alisali pale, alisuka nywele zake nyeupe pale.

Tulimtania. Mganga hajigangi, tulisema. Majibu alikuwa nayo mengi. Kitambaa kimepanda bei. Macho yake yanataka mwanga. Yeye hana cha kuibiwa. Mimi nilimwambia mara moja, kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, kwamba yeye angelala kwenye msingi wa nyumba hii angelihamisha hilo dirisha. Akanijibu kwamba alilala. "Nililala, nikaonekana vizuri. Ndiyo maana lipo hapo." Nikadhani ni utani wake mwingine.

Kisha aliugua. Upande mmoja ulikufa, mkono na mguu, mdomo ukapinda kidogo ila maneno yakabaki. Binti wa dada yake akaja kutoka Lingeka kumuuguza, msichana mwenye nguvu, mkimya, amezoea ng'ombe. Na kana kwamba haitoshi, masika yale ardhi ya mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi ulio chini ya nyumba yake, ilivimba, ukuta wa chumba cha kulala ukapasuka kutoka juu hadi chini, unaona nje. Wakamhamishia kitanda sebuleni. Sebule ni ndogo. Kochi haliwezi kutolewa, kabati haliwezi kusogezwa. Kitanda kikakaa mahali pekee palipokuwa na nafasi.

Chini ya dirisha.

Nilimkuta pale mchana mmoja anaogeshwa. Yule binti ameshika khanga kwa mkono mmoja kuzuia dirishani, mkono mwingine anasugua. Khanga inashuka, anaipandisha, sabuni inadondoka. Nje watu wanapita kutoka gengeni. Hawakusimama, nisiwasingizie, lakini nani anapita pembeni ya dirisha bila jicho kwenda? Mhudumu amefumba macho. Yeye aliyewashikia kitenge nusu ya akina mama wa wilaya hii, amelala amefumba macho kama mtoto anayedhani asipoona haonwi.

Nikachukua khanga nikashika mimi. Binti akamaliza kumwogesha. Mikono yangu ilianza kutetemeka mapema sana, na nilijionea aibu kwa jinsi ilivyokuwa mapema.

Alipovishwa nikamwambia naleta pazia. Akasema hapana.

Nikamwambia ninalo nyumbani. Akasema hapana. Nikamuuliza kwa ukali, na najua mgonjwa haulizwi kwa ukali, anataka nini basi, anataka mtaa wote uje ukae kwenye majani umtazame? Binti wa Lingeka akachukua beseni akatoka nje. Ndipo Mhudumu akaniambia, polepole, kwa upande wa mdomo uliokuwa bado mzima.

Alisema kule hospitali, kabla hajahamishiwa wodi ya wazazi, alikuwa wodi ya majeruhi ya wanawake. Waliletwa humo vikongwe kutoka vijijini, wamekatwa mapanga. Ng'ombe wa mtu amekufa, mtoto wa mtu amepata degedege, mtu kaenda kupiga ramli, kaonyeshwa bibi. Bibi mwenye macho mekundu. "Macho mekundu ni moshi wa samadi tu, Mama Kulwa. Miaka yote anapika kwa samadi, yatakuwa meupe?" Alimwogesha mmoja wao ambaye mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji yote miwili. Akamuuliza, mayu, walisema umefanya nini. Yule bibi akasema, walisema najifungia ndani.

"Hilo tu," Mhudumu akasema. "Najifungia ndani."

Yeye hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, na alijua atazeeka. Kwa hiyo alipopata kiwanja, kabla ya jiwe la kwanza, alitandika khanga akalala chini, akamtuma fundi njiani. Akalipanga dirisha ambalo yeyote anayepita, saa yoyote, angemwona bibi anachambua choroko. Asubuhi choroko, jioni choroko. Hakuna kitu cha kusemwa.

Na bado walisema. Mimi nilikuwa sijui, nikajua siku ile. Mtoto wa mama wa genge, yule muuza mboga wa pale njiani, alipougua, kuna waliomnong'oneza yule mama kwamba mbona yule bibi anakaa dirishani kutwa, anaangalia watoto wa watu wakipita. Yaani ukijifunika ni mchawi, usipojifunika ni mchawi. Mama wa genge akawazuia wanawe wasimpungie tena mkono. Mhudumu aliona mikono ya watoto imeacha kupunga. Hakuuliza. Aliendelea kuchambua choroko.

Nilitoka bila kuaga. Wale walionong'ona nawajua. Walikuwepo msibani, viti vya mbele, leso mkononi. Wawili kati yao siwasalimii mpaka leo, na wasipoteze muda kunitumia wazee. Mama wa genge namsalimia, na ninakuja kwenye sababu.

Nilifika kwangu nikapanda kwenye stuli, nikashusha pazia la sebuleni na bomba lake. Baba Kulwa alikuwa anakula. Aliniangalia, akaangalia dirisha lililobaki wazi, akaenda kuniletea nyundo na misumari. Hakusema kitu juu ya urembo.

Mhudumu aliponiona naingia na bomba begani aligeuza uso ukutani. Akasema wataongea. Nikamwambia waje waongelee humu ndani, mlango utakuwa wazi, mlango wote, na mwenye shaka aingie amkute anaogeshwa na aendelee kumsugua mgongo. Nilikuwa napiga kelele, ni kweli. Binti wa Lingeka alisimama mlangoni na beseni, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka.

Nikapanda kwenye kochi nikaanza kupigilia. Msumari wa kwanza uliingia kwenye lipu kama kwenye ugali, ukachomoka na vumbi. Wa pili ukapinda. Wa tatu ukaangusha kipande cha ukuta kwenye shuka lake. Hasira zikanipanda upya, sasa juu ya huo ukuta. Nilijua tangu mwanzo kwamba dirisha ambalo halikukusudiwa pazia haliwezi kuwa na kitu cha kushikia pazia, na yeye ndiye aliyenifundisha. Nikaegemeza paji la uso kwenye lipu. Nadhani nilikuwa nalia.

Nyuma yangu akasema, "Sogea kulia."

Sikugeuka.

"Kulia. Panda kidogo. Umepita, rudi. Hapo."

Nikaweka msumari hapo. Nikapiga. Sauti ilibadilika, ikawa nzito, ya ndani. Msumari ukaingia taratibu ukang'ang'ania, kama unavyoingia kwenye mti.

Nikageuka nikamwangalia. Alikuwa anaangalia juu ya dirisha, si mimi.

"Ulifukia ubao," nikasema.

"Pande zote mbili."

"Dirisha ulilopanga lisiwe na pazia?"

Mkono ule mzima ulikuwa unakung'uta vumbi la lipu kwenye shuka, punje moja moja. "Nilisema labda nikizeeka watu watakuwa wamepata akili," akasema. "Na ubao hauli chakula, Mama Kulwa. Ukae tu."

Upande wa kushoto sikuhitaji kuelekezwa. Niligonga kwa kidole, nikausikia.

Pazia langu ni la rangi ya kahawia, zito, lina maua ambayo sijawahi kuyapenda. Nilipolivuta chumba kikapoa. Jua la saa kumi likabaki nje na utovu wake wa adabu, ndani kukawa na mwanga laini kama wa chai ya maziwa. Mlango tuliuacha wazi kama nilivyoahidi, nao hauangalii upande kilipokaa kitanda. Binti akaleta maji mapya kwa sababu bibi alikuwa amejaa lipu. Tukamvua. Hatukushika khanga. Mikono yetu yote minne ilikuwa huru, na yeye safari hii alikuwa amefumbua macho, anaangalia pindo la pazia linavyogusa dirisha, anatafuta kosa. Akasema ni refu, lipunguzwe.

Tulikuwa tunamsuuza mgongo sauti iliposikika nje, karibu kabisa na kioo. Ilikuwa ya mama wa genge, akisalimia.

"Mwadeela, mayu. Mbona leo sikuoni?"

Binti akaniangalia. Mimi nikashika sponji nikalikamua, maji yakadondoka kwenye beseni kwa sauti. Nilikuwa na jibu tayari, na lilikuwa baya.

Mhudumu akanigusa kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima. Akavuta pumzi, akaitoa ile sauti kubwa kuliko mwili, ile ya wodini, ambayo tulidhani ugonjwa umeichukua.

"Ngoja," akasema. "Naoga."

Tukasikia ndoo ikiwekwa chini kwenye baraza, kisha mtu akikaa kando yake, akingoja.